Daktari wa saratani za wanawake, miaka 22 Mbeya, kanukuliwa mara 278: hiyo namba inapima nini?

#1 Mkutubi wa Loleza

Wakuu, habari za baridi. Kamwene kwa wa Iringa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Sio daktari. Zamani kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu. Siku hizi vitabu haviazimwi, nimegeuka mtu wa kuhesabu. Mhadhiri akitaka kupanda cheo anakuja kwangu, namtolea orodha ya pepa zake na kila moja imenukuliwa mara ngapi na wenzake duniani.

Mwanzoni mwa mwezi kaja mzee mmoja. Simtaji na msinibane. Ni bingwa wa magonjwa ya wanawake, na miaka mingi kajikita kwenye saratani: mlango wa kizazi hasa, ovari na mji wa mimba kwa uchache. Nusu ya wiki yuko wodini na chumba cha upasuaji, nusu anafundisha. Kavaa sweta la kijivu lililofumuka kiwiko, kashika bahasha ya kaki na kaunta buku nene lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaniambia, "Kijana, wanataka namba yangu. Mimi sijui namba yangu ni ngapi."

Nikafungua Google Scholar. Ikanipa watu watatu. Ni haya majina yetu: pepa moja kaandikwa kwa jina lake na la baba, nyingine jina la ukoo na herufi mbili, nyingine mhariri wa Ulaya kachukua jina la ubatizo akaligeuza la ukoo. Mashine haijui kuwa wote ni mzee yule yule. Juu ya hapo ikamtwika pepa ya mnyauko wa viazi mviringo, ya jamaa mwingine kabisa anayefanana naye majina. Hiyo ina nukuu 47. Mzee akacheka: "Iache, viazi vya Uyole nimekula vingi." Nimeitoa.

Baada ya kusafisha zikabaki pepa 9. Nukuu zake kwa mpangilio: 214, 31, 12, 9, 6, 4, 2, 0, 0. Jumla 278.

Kwa wasiojua, kamati ya kupandisha vyeo inapenda pia kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Unapanga pepa kuanzia yenye nukuu nyingi, unashuka ukihesabu, unaishia pale nukuu za pepa zinaposhindwa kufika namba ya nafasi yake. Ya tano ina 6, imepita. Ya sita ina 4, haikufika. Basi h yake ni 5.

Hiyo ya 214 ndiyo chungu. Ina waandishi 23 na yeye ni wa 19. Utafiti wa nchi kadhaa, fedha za nje. Nikamuuliza kazi yake humo ilikuwa nini. "Vinyama vyote vya huku nilikata mimi," akasema. Yaani biopsi, vipande vya kupima saratani. Kwa utaratibu wa chuo chetu pointi za pepa wanagawana waandishi, kwa hiyo 214 inampa makombo.

Ile anayoipenda mwenyewe ndiyo yenye nukuu 2. Kaandika peke yake kwenye jarida la hapa nyumbani, kuhusu kwa nini wanawake wa wilaya za pembezoni wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshavuka mlango wa kizazi. Scopus, orodha ya kimataifa ya majarida, haiijui kabisa.

Majibu ya awali ya kamati: "mchango wa kitafiti hafifu." Mzee kasoma, kaikunja karatasi mara nne, kaitia mfukoni, kaondoka. Kaunta buku kalisahau mezani kwangu. Sijalifungua.

Nauliza: hiyo 278 inapima nini?


#2 Chuma cha Chunya

Inapima kwamba hana kitu mkuu. 278 gawa kwa 22 ni 12 na ushee kwa mwaka. Kuna madogo wa kompyuta wanazipata hizo kabla ya chai ya saa nne. Apishe wengine.


#3 Mwana wa Tukuyu

Nimevuta kiti. Wataalamu tafadhali.


#4 Reji wa Usiku

Chuma, unalinganisha mpunga wa Kyela na mahindi ya Mbozi kwa debe moja. Nukuu inatoka kwa mtu anayeandika pepa ya fani ile ile. Wanaoandika kuhusu kompyuta ni bahari. Wanaoandika kuhusu saratani za wanawake Afrika ni dimbwi, na nusu yao wako zamu usiku huu kama mimi.

Pili ni muda. George Papanicolaou, huyo mwenye kipimo cha Pap smear cha mlango wa kizazi, alisimama Marekani mwaka 1928 akasema seli za saratani zinaonekana kwenye ute wa ukeni. Wakamtazama tu. Mpaka 1941 alipochapisha na Herbert Traut ndipo dunia ikaanza kuamka. Harald zur Hausen naye: miaka ya 1970 wakubwa wote walisema chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi ni kirusi cha malengelenge. Yeye akashikilia kuwa ni kirusi cha papiloma, yaani HPV. Mwaka 1983 maabara yake ikatoa HPV 16, mwaka 1984 HPV 18. Hizo aina mbili peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Nobel kaipata 2008, akiwa mzee wa miaka 72. Kamati yenu ingekaa mwaka 1935 ikampima Papanicolaou, ingeandika neno gani? Hafifu.

Tatu, nukuu nyingi hazitokani na kugundua kitu. Kila pepa ya saratani inaanza kwa sentensi ile ile: wagonjwa wapya duniani ni kadhaa, vifo ni kadhaa. Mimi mwenyewe kwenye andiko langu la shahada nimeanza na makadirio ya mwaka 2020 kwa Tanzania, wagonjwa wapya 10,241 wa mlango wa kizazi na vifo 6,525. Ndiyo maana pepa za takwimu za saratani zinanukuliwa makumi ya maelfu ya mara. Zinanukuliwa kama mtu anavyopiga hodi.


#5 Mkutubi wa Loleza

Nakazia kwa upande wa maktaba. Eugene Garfield, aliyeanzisha faharasa ya nukuu za sayansi huko Philadelphia mwaka 1964, alitaka kumsaidia msomaji afuate wazo lilikotoka na lilikokwenda. Ilikuwa ramani. Sisi tumeifanya mizani.

Mnajua pepa iliyonukuliwa kuliko zote katika historia? Ya Lowry na wenzake, 1951, namna ya kupima protini maabara. Zaidi ya mara 300,000. Na ile ya Wakefield ya 1998, iliyozua uongo wa chanjo na usonji, jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, lakini nukuu zake zinaendelea kuhesabika. Anayekutukana na anayekusifu wote mashine inawaandika tiki moja.

Sijataja wale wa nikunukuu uninukuu. Wala majarida ya kitapeli. Mzee alinifungulia barua pepe zake, kuna moja inamwita "Profesa Mtukufu" na kumwomba pepa ndani ya siku tatu kwa dola kadhaa, jarida lenyewe la ufugaji wa samaki.


#6 Chuma cha Chunya

Maneno mengi. Weka picha ya hilo kaunta buku tuone.


#7 Reji wa Usiku

Mkutubi, USIPIGE PICHA. Kama ni la kliniki humo kuna majina ya wagonjwa.


#8 Sista Mstaafu

Habari zenu wanangu. Mimi huwa nasoma tu humu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Hilo kaunta buku nalijua. Kama lina mpira wa baiskeli, basi ni la nne au la tano. Nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya uchunguzi na huyo daktari miaka saba kabla sijastaafu. Simtaji jina, lakini sweta hilo nimelishona mwenyewe mara mbili, tena kiwiko hicho hicho.

Kitabu cha MTUHA, rejesta ya serikali ya taarifa za afya, kina safu zake, huongezi wala hupunguzi. Mama amepimwa kwa kupakwa siki mlango wa kizazi, kitabu kinataka umri, matokeo, tiba. Basi. Zamani zile mashine ya tiba mgando, ya kugandisha kasoro kwa baridi, ikikosa gesi, na ilikuwa inakosa, unamwambia mama rudi wiki ijayo. Mama katoka Isangati, kateremka mlima kwa miguu mpaka barabarani, nauli kakopa. Wiki ijayo haji. Daktari akasema huyu tutampata wapi?

Akanunua kaunta buku pale Mwanjelwa kwa hela yake. Akachora safu kwa rula. Namba. Kijiji na kitongoji. Kaonekana nini. Halafu safu pana kuliko zote: "simu ya nani". Maana wengi hawakuwa na simu. Humo kaandika: ya mwenye duka. Ya mchungaji. Ya mwenyekiti wa kitongoji. Ya wifi, usiseme kitu. Hiyo "usiseme kitu" mtaikuta kurasa nyingi. Safu ya mwisho: "karudi?"

Ijumaa kliniki ikiisha anavaa miwani, anaanza kupiga, vocha yake. Sasa utaisemaje saratani kwenye simu ya mwenye duka? Jioni hiyo hiyo kijiji kizima kimejua, na mume kesharudisha mke kwao. Tukapata njia. Mama akija mara ya kwanza, kadi yake ya kliniki tunaibakiza kwetu makusudi. Asiporudi daktari anapiga: "Mwambie mama fulani amesahau kadi yake hapa, aje aichukue." Hakuna mwanamke wa huku atakayeiacha kadi ya kliniki. Wanakuja. Kuna mmoja kafuatwa tangu kupanda mpaka mahindi ya kuchoma, alipotokea kabeba kikapu cha hayo mahindi akauliza, kadi yangu iko wapi?

Tukampeleka chumba cha pili. Aliondoka na kadi, na mlango wa kizazi umetibiwa.

Hiyo kamati inaita hafifu, mimi sina la kusema.


#9 Mwana wa Tukuyu

Sista shikamoo. Mikono imenisisimka.


#10 Bibi Parachichi

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nina miaka 38, niko Rungwe, sijawahi kupima. Hiyo siki inauma?


#11 Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu wa Tukuyu.

Bibi Parachichi, haiumi. Inawasha kidogo kama uliyepakwa ndimu kwenye mkwaruzo. Unalala, tunaweka kifaa tuuone mlango wa kizazi, tunapaka siki ya hospitali iliyopimwa, sio ya kachumbari, tunasubiri dakika moja. Sehemu yenye kasoro inageuka nyeupe, nzima inabaki ya pinki. Weupe sio lazima saratani, mara nyingi ni dalili za awali zinazotibika siku hiyo hiyo. Miaka 38 umeshachelewa kidogo, nenda. Na ukiwa unahudhuria CTC, kliniki ya VVU, ulipaswa kuanza mapema zaidi, na kurudia mara nyingi zaidi. Uliza kituo chako kama wanacho pia kipimo cha HPV chenyewe, hicho unajichukulia sampuli mwenyewe.


#12 Reji wa Usiku

Hapo kwa CTC pazito kwa kanda yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Ndiyo mikoa ya juu nchini. Na mwanamke mwenye VVU hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita ya asiye nayo. Kwa hiyo bingwa wa saratani za wanawake anayekaa Mbeya miaka 22 amekaa hasa pale moto unapowaka.


#13 Mnyalu wa Ipogolo

Sista shikamoo, na heshima kwa daktari. Lakini ngoja niwe mbaya wa uzi huu, maana naona mnamlilia mtu badala ya kumwambia ukweli.

Mimi nafanya kazi ya takwimu kwenye miradi ya afya. Nawauliza: hiyo siki aliyopakwa mama wa Isangati ilifikaje mezani kwa sista? Ilikuja kwa njia ya pepa. Kwenye wilaya ya Dindigul, Tamil Nadu, India, Rengaswamy Sankaranarayanan na wenzake walifundisha wauguzi kupaka siki wanawake wa vijijini wa miaka 30 hadi 59, wakagawa maeneo kwa kura, 57 yanapimwa, 57 yanaendelea na huduma za kawaida. Lancet ikachapisha 2007: kwa kupimwa mara moja tu, ugonjwa ulipungua asilimia 25 na vifo asilimia 35. Afrika Kusini, bingwa wa saratani za wanawake Lynette Denny, profesa wa Cape Town, akafanya kazi Khayelitsha kwenye mabanda yale na wanawake 6,555. Wengine wakapimwa HPV na kutibiwa, wengine siki na kutibiwa, wengine wakasubirishwa. Baada ya miezi sita, vidonda vya hatua ya juu vilibaki kwa asilimia 0.80 ya kundi la HPV, 2.23 la siki, na 3.55 la waliosubiri. Jarida la JAMA, 2005. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaandika mwongozo wa pima-na-tibu, na pepa hizo ndiyo matofali ya mwongozo. Wizara zikauchukua, kisha mafunzo, kisha chupa ya siki kwenye zahanati.

Muuguzi wa Ileje hajui jina la Sankaranarayanan wala hana haja. Lakini Sankaranarayanan angeandika kwenye kaunta buku akalifunga kwa mpira wa baiskeli, siki ingebaki kwenye kachumbari.

Na msiseme Watanzania hatusikiki. Utafiti wa DoRIS umefanyika Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, swali likiwa kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Matokeo yake, pamoja na ya Kenya, yalikuwa mezani Shirika la Afya Duniani lilipokubali dozi moja mwaka 2022. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Binti wa shule ya msingi Makete leo anachomwa sindano moja badala ya mbili kwa sababu watu wa Mwanza WALIANDIKA.

Reji, umemleta Papanicolaou. Vizuri. 1928 hawakumsikia, 1941 akaandika tena, 1943 kitabu. Alikuwa king'ang'anizi wa kalamu.

Sasa huyu mzee wetu. Sababu nzima ya pima-na-tibu siku moja ni kwamba wanawake hawarudi kwa majibu. Dunia nzima inaumiza kichwa: tuwarudisheje? Yeye anajua. Anayo miaka zaidi ya kumi ya nani karudi, nani hakurudi, aliitwa kwa simu ya nani, kwa maneno gani. Hiyo ya kadi iliyobakizwa sijaisoma popote. Na ameiweka kwenye kaunta buku analolisahau kwenye meza ya mkutubi! Akifa kesho, wajukuu watafungia vitumbua. Kamati imekosea neno, sikatai. Ila na yeye katunyima.


#14 Chuma cha Chunya

Mnyalu kamaliza. Uzi ufungwe.


#15 Sista Mstaafu

Mwanangu wa Ipogolo, umenichoma na ni kweli. Ila aandike saa ngapi? Bingwa mmoja, wodi imejaa, wanafunzi nyuma yake kama vifaranga.


#16 Reji wa Usiku

Mnyalu nimeipokea. Ila ongeza upande wa pili, maana hata hao wa Dindigul na wa Osmanabad, huko huko India, walilaumiwa vikali: kundi la kulinganisha halikupewa uchunguzi, na wanawake walikufa kwenye kundi lile. Namba safi wakati mwingine ina gharama. Kaunta buku la mzee halina kundi la kulinganisha kwa sababu hakukubali kumwacha mtu.

Halafu kuna hili la nani anaandika. Pepa ya Walboomers na wenzake, 1999, ndiyo iliyosema HPV imo kwenye asilimia 99.7 ya saratani za mlango wa kizazi. Imenukuliwa maelfu na maelfu ya mara. Vile vinyama vilikusanywa kutoka nchi 22, Tanzania ikiwamo. Yaani kuna mama zetu kwenye ile asilimia. Wamo kwenye jedwali. Na aliyekata kinyama anakuwa wa 19 kati ya 23.

Kidogo cha kuchekesha: mwaka 2018 Pedro Ramirez na wenzake walichapisha jaribio la LACC, vituo 33, wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi. Waliopasuliwa kwa matundu madogo na kamera walirudiwa na ugonjwa zaidi ya waliofunguliwa tumbo. Miaka minne na nusu baadaye, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ni asilimia 86.0 dhidi ya 96.5. Hospitali kubwa duniani zikarudi kwenye kisu. Siku nawasilisha hiyo pepa, mabingwa wetu walitulia, kisha mmoja akasema, "Kumbe umaskini wetu ulikuwa sahihi."


#17 Mwana wa Tukuyu

😂😂 Nimecheka peke yangu kwenye kosta.


#18 Mnyalu wa Ipogolo

Reji, kuhusu nani anaandika tuko pamoja. Ndiyo maana nasema aandike YEYE, kabla hajaja mtu na laptopu na mfadhili akalipiga chapa kaunta buku, mzee akawa wa 19 tena. Mkutubi, hebu fanya hivi. Msiguse daftari kwanza. Mzee aandike andiko fupi la kurasa tano: anataka kujua nini kwenye hilo daftari. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha hospitali. Kikitoka, kila mama anapewa namba, majina na simu haviingii kwenye kompyuta. Na mfungulieni ORCID, ni bure, namba moja ya maisha, ili mambo ya viazi yaishe. Mahesabu nitafanya mimi, sitaki hela. Nataka kuona hiyo safu ya "karudi?".


#19 Mkutubi wa Loleza

Nimempelekea mzee uzi huu, nimeuchapa kwa karatasi kwa sababu simu yake ni ya vitufe. Kasoma wote, akatumia peni kusahihisha tahajia ya Reji sehemu mbili. Alipofika kwa Mnyalu kavua miwani. Kanyamaza muda. Akasema: "Huyu wa Iringa ana adabu mbaya na ana haki." Halafu akauliza andiko fupi linakuwa na vichwa gani.

Rufaa yake kwa kamati nimeiandaa pia. Nimeambatisha orodha ya pepa ikiwa na nafasi yake na kazi aliyofanya kwenye kila moja, kwa maneno ya kawaida: "alichukua sampuli zote za kituo hiki." Tuone.


#20 Bibi Parachichi

Nimekwenda. Hakuna weupe. Kweli haiumi. Nimempeleka na dada yangu, kaka yangu ndiye kalipa nauli bila kuuliza tunakwenda wapi.


#21 Mkutubi wa Loleza

Wakuu, mrejesho, ni Oktoba sasa. Kamati bado haijajibu rufaa, msiniulize.

Kibali kimetoka wiki iliyopita. Makaunta buku yako matano, la kwanza lina doa la chai lililokula nusu ukurasa. Tunakaa Jumamosi, yeye anasoma kwa sauti, mimi naingiza namba. Hapo kwenye "simu ya nani" tumeweka makundi, Mnyalu kasema yasizidi manane. Mzee anabishana kila kundi. "Wifi usiseme kitu" anataka liwe kundi peke yake, na nadhani atashinda.

Jana tulifika Machi 2011. Kuna mama kapigiwa mara sita. Safu ya mwisho imeandikwa "hakurudi", ikafutwa, "karudi", na tarehe. Mzee alisimama kidogo hapo, akamkumbuka mpaka kitongoji, tukaendelea.

Jambo jingine. Nilipofungua ukurasa wa waandishi kaniuliza, "Nani alikuwa anabakiza kadi?" Sista, anataka uwe mwandishi wa pili. Sio shukrani mwishoni, mwandishi kamili, kwa hiyo utasoma rasimu na kubishana nasi. Nitumie majina yako faragha, na uamue sasa yaandikwe vipi, maana yakishachapwa yasibadilike tena. Umeona yaliyompata mwenzako.


#22 Sista Mstaafu

Mwanangu, miaka 34 ya kazi sijawahi kuulizwa hivyo.

Weka la baba yangu. La mume liko kwenye kitambulisho. Baba ndiye aliyeuza ng'ombe nikasome uuguzi.


#23 Chuma cha Chunya

Hongera sista, na shikamoo. Mkuu Mkutubi, na yule wa viazi alijulishwa kuwa nukuu zake 47 zimerudi?


#24 Mkutubi wa Loleza

Nilimwandikia. Kajibu kwamba alikuwa anajiuliza zimekwenda wapi, na anashukuru, na kama daktari anataka mbegu aseme.